Pima Kwanza, Kata Baadaye: Somo Kuhusu Saratani ya Mikono na Miguu

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu mwalimu mlezi wa Chama chetu cha Kiswahili alituomba kila mmoja wetu aandike somo juu ya jambo analolijua kwa karibu, kisha alieleze kwa Kiswahili ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza atakielewa. Wenzangu wamechagua ngeli, mashairi na methali. Mimi nimechagua ugonjwa. Usishtuke. Sikuuchagua kwa kuupenda. Uliingia kwetu bila hodi.

Somo langu ni juu ya saratani ya tishu laini za mikono na miguu, na jinsi madaktari wanavyoitibu kwa upasuaji. Ukisoma mpaka mwisho halafu usahau mengine yote, tafadhali kumbuka hili moja: uvimbe mkubwa usikatwe kabla haujapimwa. Sababu utaziona mbele.

UVIMBE KAMA NDIMU

Mjomba wangu ni fundi wa jua kali katika soko la Kibuye. Hutengeneza majiko na masanduku ya bati, yale ambayo wanafunzi wa bweni hubeba wakienda shule. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo jioni nikitoka shule hupitia kwake, nikamshikia bati akikata, au nikafanya hesabu zangu juu ya sanduku ambalo rangi yake imeshakauka. Kwa Kijaluo mimi humwita nera, naye huniita okewa, yaani mtoto wa dada yake.

Nilipokuwa kidato cha pili, jioni moja ya mwezi wa pili, alikunja kaptura yake akaniambia niguse paja lake la kushoto, upande wa nje. Nilihisi kitu kigumu ndani ya nyama, ukubwa wa ndimu.

"Inauma, nera?" nikamwuliza.

"Haiumi hata kidogo. Pengine bati iliniguza. Hii kitu itaisha yenyewe, okewa. Lakini usiambie mamako, unajua vile yeye huanza kelele."

Basi nikanyamaza ji. Niliona fahari kuaminiwa na mtu mzima. Siku hizi nikikumbuka fahari ile naona haya.

Kufikia mwezi wa nne, ndimu ilikuwa imekuwa yai la kuku. Majirani pale sokoni wakaanza kutoa hukumu, kila mtu na yake. Mmoja alisema ni jipu lisilotaka kuiva. Mama mmoja mzee anayeuza omena alisema ni chira, ati nera alivunja mwiko fulani wa nyumbani. Mwingine alisema ni mafuta tu, hata shemeji yake alikuwa nayo mgongoni. Mwezi wa tano nera akaenda kwa kliniki moja ndogo ambayo sitaitaja. Alidungwa sindano ya ganzi, uvimbe ukakatwa, akashonwa, akaambiwa yalikuwa mafuta. Kinyama kile kilitupwa ndani ya ndoo. Hakuna aliyekipeleka maabara.

Nera alirudi kazini siku ya tatu akicheka. Mimi nami nilicheka. Tulidhani yamekwisha.

Mwezi wa tisa uvimbe ulirudi, palepale chini ya kovu, na safari hii ulikuwa mkubwa kama chungwa. Siku hiyo sikumwomba nera ruhusa. Nilienda nyumbani nikamwambia mama kila kitu, kuanzia siku ya ndimu. Mama hakupiga kelele kama nera alivyodhani. Alikaa kimya, akafuta macho kwa leso, na asubuhi yake akamshika ndugu yake mkono wakaenda Russia.

Kwa msomaji asiye wa Kisumu, Russia ni jina tunaloliita hospitali yetu kubwa ya rufaa iliyo kwenye barabara ya Kakamega. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti na ikafunguliwa mwaka 1969. Jina lake rasmi siku hizi ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, lakini ukimwambia mtu wa bodaboda jina hilo lote, atakuuliza, "Yaani Russia?"

Huko ndiko neno "sarkoma" lilikotamkwa kwetu mara ya kwanza.

SARKOMA NI NINI?

Katika Bayolojia tumefundishwa kwamba mwili umejengwa kwa seli, na seli za aina moja zikikaa pamoja zinakuwa tishu. Seli hujigawa kwa mpango. Zinapojigawa ovyo bila kutii mpango, zikavamia jirani zake, hiyo ndiyo saratani.

Saratani nyingi tunazozisikia, kama ya matiti, ya umio au ya mlango wa kizazi, huanzia kwenye tabaka la seli linalofunika au kutanda viungo. Sarkoma huanzia kwingine. Huanzia kwenye tishu zinazoshikanisha na kuubeba mwili. Zile zinazoanzia kwenye misuli, mafuta, neva, mishipa ya damu na nyuzi zinazounganisha nyama huitwa sarkoma za tishu laini. Zipo pia zinazoanzia kwenye mfupa, lakini hizo zina somo lake. Jina lenyewe lina asili ya Kigiriki, kutoka neno lenye maana ya nyama.

Sarkoma za tishu laini ni chache. Katika kila saratani 100 za watu wazima, ni kama moja tu. Lakini zina aina zaidi ya 50, na mahali zinapopenda zaidi ni mikononi na miguuni, hasa pajani. Uchache huu ndio hatari yake. Mhudumu wa afya anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kukutana nayo hata moja, huku akikutana na uvimbe wa mafuta kila wiki. Siku sarkoma inapokuja, huidhania ni yale mafuta aliyoyazoea.

DALILI ZA KUTILIWA SHAKA

Sitaki msomaji atoke hapa akijishika kila mahali kwa hofu. Uvimbe mwingi wa mwilini si saratani. Lakini zipo alama zinazokuambia nenda ukapimwe upesi:

1. Uvimbe umezidi sentimita 5. Chukua rula yako ya hesabu uangalie sentimita 5 ni kiasi gani.
2. Unaendelea kukua.
3. Uko ndani ya nyama, si chini ya ngozi tu. Ukikaza msuli, hauchezi.
4. Unauma, au umeanza kuuma.
5. Ulikatwa zamani, sasa umerudi.

Tafadhali angalia sana namba ya nne. Maumivu ni alama, lakini kutouma si salama. Sarkoma nyingi haziumi mwanzoni. Nera alikaa miezi mitatu akijifariji na neno "hauumi".

Wala bati halikuleta ugonjwa huu. Mara nyingi mtu hugongwa mahali, akapapasa, ndipo akagundua uvimbe uliokuwepo tangu zamani. Kwa wagonjwa wengi chanzo hakijulikani. Hauambukizwi kwa kugusana, kula pamoja wala kulala chumba kimoja. Ninaandika haya kwa sababu kuna mteja aliyeacha kununua majiko kwa nera, ati anaogopa.

KWA NINI KUPIMA KWANZA

Sarkoma inapokua husukuma nyama iliyo kando yake, na nyama hiyo iliyobanwa inakuwa kama ganda. Mtu akipasua anaona kitu cha mviringo chenye ganda zuri. Humjia tamaa ya kukichomoa kama anavyoambua yai la kuchemsha. Lakini ganda hilo ni la uongo. Ndani yake na nje yake kumebaki seli za saratani zisizoonekana kwa macho. Ukichomoa yai, umeacha mbegu.

Sisi watu wa ziwani tuna mfano mzuri. Gugu maji likivunwa nusu nusu, vipande vinavyobaki huchipuka tena, na upepo huvisukuma mpaka ufuo mwingine. Sarkoma nayo ni hivyo. Inaweza kuchipuka palepale, na vipande vyake vinaweza kusafiri kwa damu. Mahali vinapopenda kutua ni mapafuni. Ndiyo maana mgonjwa mwenye uvimbe wa paja hupigwa picha ya kifua. Nera alidhani wamekosea faili.

Basi utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza, picha. Mashine ya MRI, inayotumia sumaku, huonyesha uvimbe umekaa katika msuli gani na uko karibu kiasi gani na neva na mishipa mikubwa ya damu. Kifua nacho hupigwa picha. Pili, kipande. Daktari huingiza sindano nene yenye tundu akatoa vijinyama vyembamba, vikapelekwa maabara vikatazamwe kwa hadubini. Kipimo hiki huitwa biopsi. Tatu, mashauri. Daktari wa upasuaji, wa picha, wa maabara, wa mionzi na wa dawa za saratani hukaa pamoja wakapanga. Kisu huja baada ya hayo.

Hata hiyo sindano si ya kudunga popote. Njia iliyopitiwa na sindano inaweza kuachwa na seli, kwa hivyo daktari wa upasuaji huchagua mahali ambapo baadaye atapakata na kupaondoa. Na kama ni lazima kupasua kidogo ili kupata kipande, mkato hufuata urefu wa mguu au mkono, si kuukingama. Mkato wa kukingama huchafua misuli mingi, na wa kuurekebisha ni lazima akate nyama pana zaidi.

Kovu la nera lilikuwa limekingama paja.

KUTU NA BATI ZIMA

Majibu ya maabara yalikuja baada ya wiki tatu: sarkoma, ya daraja la juu, yaani inayokua kwa kasi. Picha ya mapafu ilikuwa safi. Alitakiwa aende Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, ambako kuna mashine za mionzi.

Nera alikataa kata kata.

"Najua watu wa Nairobi watanikata mguu," alisema. "Fundi wa mguu mmoja atakanyaga bati na nini?"

Kwa wiki mbili alikaa hapo sokoni akifua bati kana kwamba hakuna kitu. Mama alimsihi, nyanya alimsihi, hata padri alimsihi. Mimi nilienda kwa mwalimu wetu wa Bayolojia. Tulisoma naye saa za chakula cha mchana, nikaandika katika daftari, halafu jioni nikamsomea nera pale juu ya sanduku. Hilo daftari ndilo linalozaa makala haya.

Nilianza na upasuaji wenyewe. Nilimweleza kwamba daktari haambui uvimbe kutoka kwa ganda lake. Hukata nje ya uvimbe, ndani ya nyama nzima, ili uvimbe utoke ukiwa umefungwa na nyama safi pande zote, bila yeye kuuona wala kuugusa. Mara nyingi hutafuta sentimita moja au mbili za nyama safi kuuzunguka, au tabaka gumu kama utando wa msuli. Hiyo pambizo safi ndiyo roho ya upasuaji huu. Kisha nyama iliyotolewa hupakwa wino kwa nje, ikatazamwa kwa hadubini. Seli za saratani zikifika kwenye wino, maana yake kisu kilipita ndani ya ugonjwa.

Nera aliweka nyundo chini. "Hiyo mimi najua," akasema. "Bati ikiwa na kutu, hukati pale kutu inaishia. Unakata mbele, ndani ya bati nzima. Ukikata kwa kutu, mwezi ujao sanduku imetoboka tena." Akanyamaza kidogo. "Kumbe ule wa kliniki alikata kwa kutu."

Sijawahi kusikia mwalimu yeyote akieleza jambo hili vizuri kushinda hapo.

MGUU UKATWE AU UBAKI?

Halafu tukafika kwa swali lake kubwa. Na kwa kweli hofu yake haikuwa ya kipumbavu. Mpaka miaka ya 1970, wagonjwa wengi wa sarkoma kubwa ya mguu au mkono walikatwa kiungo chote. Madaktari waliamini kwamba ukiacha mguu, umeacha ugonjwa.

Kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, madaktari wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani, wakiongozwa na daktari wa upasuaji Steven Rosenberg, walifanya jaribio. Walichukua wagonjwa 43 wenye sarkoma za daraja la juu mikononi na miguuni, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wagonjwa 16 walikatwa kiungo. Wagonjwa 27 waliondolewa uvimbe pamoja na nyama safi, kiungo kikabaki, wakaongezewa mionzi. Wote walipewa dawa za saratani. Matokeo yalichapishwa mwaka 1982. Kwa waliobaki na kiungo, ugonjwa ulirudi mahali pale kwa watu 4 kati ya 27; kwa waliokatwa, haukurudi mahali pale kwa yeyote. Lakini tazama uhai wenyewe: makadirio ya walio hai baada ya miaka mitano yalikuwa asilimia 88 kwa waliokatwa, na asilimia 83 kwa waliobaki na kiungo. Kihesabu, tofauti hiyo ilikuwa ndogo mno kusema kundi moja lilishinda lingine.

Yaani kukata mguu hakukuwapa watu maisha marefu zaidi. Palipo na upasuaji mzuri na mionzi, mguu unaweza kubaki. Siku hizi, katika hospitali zenye wataalamu na vifaa kamili, wagonjwa zaidi ya 90 kati ya 100 hubaki na kiungo chao.

Sikumficha nera upande wa pili. Wapo ambao bado hukatwa. Ni pale uvimbe umezingira neva na mishipa mikuu kiasi kwamba mguu ukibaki hautafanya kazi, au umeoza na kutoboka, au umerudi mara nyingi na hakuna nyama safi iliyobaki. Kwa watu hao kukatwa si adhabu wala si kushindwa kwa daktari. Ni njia ya kuishi.

"Sasa sikia, nera," nikamwambia. Niliogopa kumwambia, maana si adabu okewo kumfundisha mjomba wake. "Kile kinapoteza mguu si hospitali. Ni kungoja."

Hakunijibu. Alifunga kibanda mapema siku hiyo. Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hujaa kuliko zote na yeye huuza kuliko siku zote, alivaa suruali yake nzuri akapanda basi la Nairobi.

KAZI YA MIONZI

Mionzi ni miale yenye nguvu inayoharibu uwezo wa seli kujigawa. Hutumika kuua zile seli chache ambazo kisu hakikuzifikia. Mgonjwa hasikii maumivu mashine ikifanya kazi. Hulala tu kwa dakika chache. Lakini si mchezo, maana huhitaji subira. Ikitolewa kabla ya upasuaji, kwa kawaida huwa mara 25, siku tano kwa wiki, yaani wiki tano. Ikitolewa baadaye, huwa mara 30 au zaidi.

Ipi bora, kabla au baada? Mwaka 2002 madaktari wa Kanada walichapisha utafiti wa kulinganisha njia hizo. Waliopata mionzi kabla ya upasuaji walikuwa na shida ya kidonda zaidi: asilimia 35, dhidi ya asilimia 17 kwa waliopata baadaye. Kwa upande mwingine, mionzi ya baadaye ni mingi zaidi na huenea mahali pakubwa, kwa hivyo huweza kukakamaza mguu na kuuvimbisha kwa muda mrefu. Kila mgonjwa hupimiwa kivyake.

Nera alipasuliwa kwanza. Walimtoa uvimbe, kovu lote la zamani na sehemu ya msuli wa paja. Kwa sababu ya lile kovu la kukingama, ngozi haikufika kufunika jeraha, ikabidi wachukue ngozi kutoka paja la kulia wakaitia kama kiraka. Jeraha lilipopona akaanza mionzi, zaidi ya wiki sita. Nairobi ni mbali na Kisumu, kama kilomita 350, na mtu hawezi kwenda na kurudi kila siku. Alilala kwenye kochi la binamu yake. Sisi huku tulichanga nauli na chakula. Fundi jirani alimuuzia majiko yake bila kuchukua hata shilingi, na nikajifunza kwamba matibabu ya saratani si dawa na kisu tu. Ni kochi, ni nauli, ni jirani.

SI KILA SARKOMA NI YA KISU

Hapa ningependa kumwonya msomaji asije akadhani nimemaliza. Zipo sarkoma ambazo kisu si dawa yake kuu, na mbili zinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki.

Ya kwanza ni sarkoma ya Kaposi, iliyoelezwa na daktari Moritz Kaposi mwaka 1872. Huonekana mara nyingi miguuni kama madoa au vinundu vyeusi au vya zambarau, na mguu huweza kuvimba. Mwaka 1994 watafiti waligundua kirusi kinachohusika nayo. Huwapata zaidi watu ambao kinga yao imepunguzwa na virusi vya UKIMWI. Tiba yake kubwa ni dawa za kupunguza makali ya virusi, na inapohitajika dawa za saratani.

Ya pili ni ya kihistoria. Mwaka 1958, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, ng'ambo ya ziwa letu, aliandika juu ya uvimbe wa taya za watoto akauita sarkoma. Baadaye hadubini ilionyesha kwamba haukuwa sarkoma bali limfoma, saratani ya seli za kinga. Kukata hakukusaidia, dawa ndizo zilizosaidia, na watoto wengi wakapona. Ugonjwa huo sasa huitwa limfoma ya Burkitt, na bado unawapata watoto wa maeneo haya ya ziwa.

Umeona? Hata bingwa akitumia macho peke yake anaweza kuupa ugonjwa jina lisilo lake. Kwa hivyo narudia: pima kwanza.

HITIMISHO

Nera amerudi Kibuye. Anachechemea kidogo, na hawezi kuchuchumaa muda mrefu, kwa hivyo ametengeneza kiti kirefu cha chuma. Bati anakanyaga na mguu uleule wa kushoto. Kila miezi mitatu anapigwa picha ya kifua, na itakuwa hivyo kwa miaka miwili au mitatu, kisha kwa nafasi ndefu zaidi. Picha tatu zimeshakuja safi. Siku ya kungoja ya nne ninapoandika haya imebaki wiki moja, na nyumbani hakuna anayeitaja kwa sauti.

Sijui kama miezi niliyonyamaza ilibadilisha kitu. Mama anasema nisijilaumu, nilikuwa mtoto niliyepewa siri ya mtu mzima. Lakini kwako msomaji mwenzangu nasema hivi: siri ya uvimbe si siri ya kuwekwa. Ukionyeshwa ndimu kwenye paja la mtu, mwambie mwenye uwezo wa kumshika mkono. Akikukasirikia, mwache akasirike. Mficha uchi hazai.

MSAMIATI

Biopsi: kipande kidogo cha nyama kinachotolewa mwilini ili kipimwe maabara.
Hadubini: chombo cha kukuzia vitu vidogo visivyoonekana kwa macho.
Ganzi: dawa ya kuzuia maumivu mahali pamoja bila kumlaza mgonjwa.
Kukingama: kukaa kwa kukata njia, si kwa kufuata urefu.
Pambizo safi: nyama isiyo na ugonjwa inayozunguka uvimbe uliotolewa.
Tishu laini: misuli, mafuta, neva, mishipa na nyuzi zinazoshikanisha mwili.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja alama tano za uvimbe unaopaswa kupimwa upesi.
2. Kwa nini "ganda" la sarkoma limeitwa la uongo?
3. Eleza kwa maneno yako uhusiano wa kutu ya bati na pambizo safi.
4. Jaribio lililochapishwa mwaka 1982 lilibadilisha nini katika matibabu ya sarkoma za mikono na miguu?
5. Kwa nini mgonjwa mwenye uvimbe pajani hupigwa picha ya kifua?
6. Mjadala: "Ni afadhali kuvunja siri kuliko kuvunja mguu." Jadilini katika vikundi vya chama.